Biashara ya kujenga majina: mashine iandike, nani athibitishe?

Mjini Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, huduma ya kumnadi mtu ipo siku nyingi, ila hakuna anayeiita hivyo. Iko steshenari. Kijana anaingia na bahasha ya kaki yenye vyeti, anapigwa picha ya pasipoti mbele ya kitambaa cha bluu, anachapiwa wasifu wa kurasa mbili, anafunguliwa akaunti ya Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kisha anaandikiwa barua ya maombi. Barua hiyo karibu kila mara huanza na maneno yale yale: “Husika na kichwa cha habari hapo juu.” Anayefuata kwenye foleni naye anaondoka na barua ile ile, jina tu na namba ya simu vikiwa vimebadilishwa.

Kwa hiyo kunakili kulikuwepo kabla ya akili mnemba. Kilichobadilika ni kasi. Tangu tarehe 30 Novemba 2022, kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipoifungulia dunia programu ya ChatGPT, kazi ya kuandika wasifu, kubuni nembo, kutunga matangazo na hata kutengeneza picha ya mtu akiwa amevaa suti asiyoimiliki imekuwa ya dakika chache kwenye simu ya mkononi. Vijana wengi wenye kompyuta moja na kamera moja wameona mwanya wa biashara: kuwajengea majina watu wengi kwa mpigo. Swali ni kama biashara hiyo inaweza kukua katika mji kama Mwanhuzi, ikahudumia mamia ya wateja bila kuwafanya wote wafanane. Inawezekana, kwa sharti moja. Kinachouzwa kiwe ushahidi wa kazi ya mteja. Maneno mazuri yabaki kuwa kifungashio.

Kujinadi si jambo geni

Vitabu vya biashara vya Marekani huanzia mwaka 1997, Tom Peters alipoandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mfanyakazi ajione kama kampuni yenye chapa yake. Usukumani somo hilo ni la zamani zaidi. Katika karne ya 19, wacheza ngoma Ngika na Gumha walijenga majina makubwa kwa ngoma na dawa za kuvutia watu, na wafuasi wao ndio makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu ya leo. Katika mashindano yao, ambayo hufanyika baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huhamia wanakopenda. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, hakuwa na njia ya kudanganya hesabu hiyo, kwa sababu kila mtu uwanjani aliiona kwa macho yake.

Redio, magazeti na baadaye intaneti vilihamisha uwanja huo. Septemba 2005, mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu yake akiwa Helsinki, Finland, akaonyesha kwamba mtu mmoja mwenye kamera anaweza kusomwa na Watanzania waliotapakaa duniani. Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale, aliligeuza jina lake kuwa lebo ya muziki, kituo cha redio na televisheni, hata karanga na manukato. Mwaka 2020 alikuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Kisha akaja Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoani Pwani, ambaye pamoja na dada yake Neema walipata mamilioni ya wafuasi kwa kuigiza nyimbo za Kihindi mbele ya boma. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimtunuku, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja katika hotuba yake ya redio.

Mifano hiyo hutajwa kila mahali panapouzwa mafunzo ya kujijengea jina, na ndiyo inayopotosha. Diamond na Kili Paul wanauza burudani kwa umma mkubwa. Fundi seremala wa Mwanhuzi hahitaji wafuasi milioni. Anahitaji wateja wachache wanaolipa, mkuu wa shule anayetaka madawati, na ofisa wa benki anayetaka kujua kama mkopo utarudi. Jina la burudani hupimwa kwa macho mangapi yameangalia, ilhali jina la kazi hupimwa kwa nani anathubutu kukudhamini. Anayeanzisha huduma hii bila kutenganisha mambo hayo mawili atamuuzia fundi umaarufu asioweza kuutumia.

Nani anahitaji jina Meatu

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, na Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu kuwa na watu 2,140,497. Wengi wao ni wakulima na wafugaji. Huu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, na pamba kwa kawaida humfuta mkulima: ikishapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, inachanganywa na ya wengine na kwenda kuchambuliwa bila jina la mtu.

Lakini ni Meatu hiyo hiyo iliyotoa mfano wa kinyume. Tangu mwaka 1994, mradi wa pamba hai wa bioRe, uliozaliwa na kampuni ya Remei ya Uswisi, umekuwa ukifanya kazi na wakulima wa wilaya hii. Wakulima wanaandikishwa, mashamba yanakaguliwa, viuatilifu vya kemikali haviruhusiwi, na pamba yao inafuatiliwa kutoka shambani hadi kwenye nguo inayouzwa Ulaya. Mnunuzi wa huko hulipa zaidi kwa sababu kuna rekodi nyuma ya dai. Hakuna mkulima wa Meatu aliyelazimika kucheza mbele ya kamera ili pamba yake ipate hadhi hiyo. Kilichotakiwa ni daftari, ukaguzi na muda.

Somo la pili lilitoka serikalini. Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, kuanzia 2016 hadi 2021, Simiyu ilisukuma mpango wa kila wilaya kuwa na bidhaa na kiwanda chake. Maswa ikajulikana kwa chaki, Meatu kwa maziwa yaliyosindikwa na kikundi cha vijana. Jina la Meatu likasomeka kwenye pakiti. Bidhaa ikiwa na jina, mtengenezaji naye anaanza kuulizwa: ni nani, anapatikana wapi, ameshawahi kumuuzia nani?

Maswali hayo sasa yanaulizwa kidijitali. Mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST ulianza kutumika mwaka 2023, na mzabuni anayetaka kuiuzia shule au kituo cha afya lazima awe na taarifa zake ndani ya mfumo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ili kupangwa upya kisha ikarejea mwaka uliofuata. Nayo inadai vikundi vyenye kumbukumbu zinazoeleweka. Mama lishe, fundi wa sola, mfugaji wa kuku, mshonaji wa sare za shule: wote wamefika mahali ambapo kazi nzuri isiyo na kumbukumbu huhesabiwa kama haipo.

Mashine imepunguza nini hasa

Wauzaji wa huduma hizi hupenda kusema akili mnemba inamwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya watu kumi. Hesabu ndogo inaonyesha kwamba si kweli. Tuchukulie kazi ya mteja mmoja inahitaji saa moja ya kumhoji, saa mbili za kumfuata kazini, kumpiga picha na kuzungumza na wateja wake, saa nne za kuandika na kusanifu, na saa moja ya kuweka mtandaoni na kumfundisha mteja kuitumia. Jumla ni saa nane. Mashine ikiifanya kazi ya kuandika iwe nusu saa, zinabaki saa nne na nusu. Hata uandishi ukiwa bure kabisa, bado zinabaki saa nne. Kasi imeongezeka maradufu, basi.

Anayetaka kufika mara kumi ana njia mbili. Ya kwanza ni kuziruka zile saa nne zilizobaki: asimhoji mteja, asiende kazini kwake, asizungumze na yeyote, aiambie tu programu iandike “wasifu wa fundi cherehani”. Programu itaandika, na itaandika vizuri. Itasema ana shauku ya kutoa huduma bora, anazingatia ubunifu na kumridhisha mteja. Maneno hayo yanamfaa fundi wa Mwanhuzi, wa Mombasa na wa Muscat bila kubadilisha nukta, ndiyo maana hayamfai hata mmoja. Ni ile “Husika na kichwa cha habari hapo juu” iliyovaa suti.

Njia ya pili ni kuzipanga upya saa hizo. Msimu wa kununua pamba, wakulima hukutana kwenye ghala la AMCOS. Siku ya mnada, wafugaji, wachoma nyama, mafundi na wauza nguo hukusanyika sehemu moja. Timu ya vijana wawili, mmoja na kamera na mwingine na kinasa sauti cha simu, inaweza kukusanya kwa siku moja picha na simulizi za watu wengi bila kumfuata kila mmoja nyumbani kwake. Wateja wao wako hapo hapo, wanaweza kuulizwa papo hapo. Nauli inagawanywa, na programu ya kulipia ya dola 20 kwa mwezi, ambayo ni mzigo kwa mteja mmoja, inakuwa nafuu ikigawanywa kwa wateja 40.

Kinachokuza biashara hii zaidi ni faili. Chukua yule fundi cherehani. Badala ya aya ya sifa, afunguliwe faili lenye mambo yanayoweza kukaguliwa: sare ngapi alishona kabla ya shule kufunguliwa Januari, kwa shule ipi, risiti ziko wapi, mwalimu gani amekubali kupigiwa simu kuulizwa, picha ya mshono wa kola kwa karibu, tarehe ilipopigwa. Kazi ya kulijaza faili hilo hufanywa mara moja, kisha linahuishwa kila robo mwaka. Kuanzia hapo mashine ina kazi halali na kubwa. Inaweza kulitoa faili lile lile kama maelezo ya NeST, kama andiko la kuombea mkopo wa halmashauri, kama orodha ya bidhaa kwenye WhatsApp Business, kama tangazo la sekunde 30 la redio, au kama barua kwa Kiingereza kwa shirika lisilo la kiserikali. Ukusanyaji mmoja unazaa matumizi sita au saba, na hapo ndipo gharama kwa kila tumizi hushuka kweli.

Lugha ni mtaji wa mwenyeji

Kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi yenye ofisi nzuri haiwezi kulijaza faili hilo kwa urahisi, kwa sababu simulizi nyingi za Meatu hutoka kwa Kisukuma. Mzee akieleza jinsi anavyochagua dume la mbegu, anaeleza kwa lugha yake, na msamiati wa rangi na pembe za ng’ombe ni mpana kuliko unavyoweza kuupata kwenye Kiswahili cha ofisini.

Mashine ziko nyuma hapa. OpenAI ilipotoa GPT-4 Machi 2023, majaribio yake yenyewe yalionyesha alama 85.5 kati ya 100 kwa Kiingereza na 78.5 kwa Kiswahili. Hilo lilikuwa pengo linalozibika, na matoleo yaliyofuata yameendelea kulipunguza. Kwa Kisukuma hali ni nyingine. Mradi wa tafsiri wa Meta wa mwaka 2022 uliogusa lugha 200, zikiwamo Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na Kiganda, haukuiingiza lugha hii inayozungumzwa na kabila kubwa kuliko yote Tanzania. Kijana wa Mwanhuzi anayehoji kwa Kisukuma, akaandika mwenyewe kwa Kiswahili fasaha, halafu akaiachia mashine kazi ya kupanga na kufupisha, ana kitu ambacho mshindani wa mbali hawezi kukinunua.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Tangu Mei 2024, Google imekuwa ikiweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji, na watu wengi huiuliza mashine moja kwa moja badala ya kufungua kurasa. Mashine hujibu kwa yale iliyoyasoma. Mji ambao maandishi yake mtandaoni ni machache hutajwa kidogo, au hutajwa vibaya. Kila maelezo sahihi ya kazi halisi ya mtu wa Meatu, yenye jina la mahali na aina ya huduma, yanampa mtafutaji wa kesho kitu cha kukuta.

Mitandao na sheria

Wamiliki wa mitandao wenyewe wameanza kuchoshwa na wingi wa maandishi ya mashine. Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kupandisha nafasi kwenye utafutaji, ziwe zimeandikwa na mtu au programu. Mwaka huo huo Meta ilianza kuweka alama kwenye picha zilizotengenezwa na akili mnemba. Julai 2025 YouTube ikafafanua kwamba video zinazorudiarudia na kutengenezwa kwa wingi hazistahili malipo. Anayejenga biashara yake juu ya kumwaga maudhui anajenga mahali ambapo mwenye kiwanja ameshatoa notisi.

Serikali nazo zimeingia. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili, kueleza anazikusanya kwa nini, na kuomba ridhaa. Faili la ushahidi lenye namba za simu, picha na risiti ni taarifa binafsi kwa kila kipimo. Kenya inatoa onyo la karibu: Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za Kenya milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za watoto. Steshenari nyingi leo zina picha na vyeti vya mamia ya watu kwenye kompyuta isiyo na neno la siri.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inahusika, kwa kuwa inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Kanuni za Maudhui Mtandaoni, zilizoanza mwaka 2018 na ada ya leseni iliyofika takribani shilingi milioni mbili, zililegezwa mwaka 2022. Hata hivyo anayetaka kuendesha chaneli ya habari bado lazima asome kanuni kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha.

Yapo pia mambo ambayo hayasubiri sheria. Kanda ya Ziwa, ilipo Meatu, imeumizwa na biashara ya hofu. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Mtu anayetaka kujengewa jina la kuponya kila ugonjwa au kuleta utajiri kwa siku tatu atalipa haraka kuliko fundi cherehani, tena taslimu. Huduma yenye msimamo imkatae siku ya kwanza, kwa sababu mteja mmoja wa aina hiyo huchafua majina ya wengine wote waliomo kwenye orodha. Dhamana haigawanyiki.

Funguo za akaunti nazo zina tatizo lake. Wapo waombaji wa kazi wanaokosa usaili kwa kuwa barua pepe yao ilifunguliwa na mhudumu wa steshenari, neno la siri analijua yeye, naye ameshahama mji. Jina likijengwa kwenye akaunti ya mtoa huduma, mteja anakuwa mpangaji ndani ya jina lake mwenyewe. Mkataba, hata wa ukurasa mmoja wa Kiswahili, useme wazi: akaunti, picha na faili ni mali ya mteja, na akitaka kuondoka anaondoka navyo.

Kianzio kinachowezekana

Mtaji wa kuanza si mkubwa. Simu yenye kamera nzuri, kompyuta moja, taa, programu moja ya kulipia na usajili wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi vinatosha kwa kikundi cha vijana watatu: anayehoji, anayepiga picha na anayehakiki. Huyu wa tatu ndiye asiyeweza kubadilishwa na programu. Kazi yake ni kupiga simu tatu kwa wateja wa kila mtu kabla faili halijatoka, na kukataa dai lisilopata shahidi. Malipo yanaweza kufuata kalenda ya Meatu, yaani kidogo wakati wa kuandikishwa na kilichobaki baada ya mauzo ya pamba, dengu au choroko, badala ya ada ya kila mwezi iliyobuniwa kwa watu wa mishahara.

Halmashauri ya Wilaya ya Meatu ina nafasi ya kusaidia bila bajeti mpya. Vikundi vya kutunza na kuhakiki kumbukumbu za mafundi na wazalishaji vinaweza kuhesabiwa miongoni mwa shughuli zinazostahili mikopo ya asilimia 10, kama zinavyohesabiwa bodaboda na ufugaji wa kuku. Vyama vya ushirika navyo viwaruhusu vijana hao kukaa kwenye maghala yao siku za mauzo, kwa ridhaa ya kila mwanachama.

Wenye steshenari, ambao tayari wanaaminiwa na wana foleni mlangoni, ndio walio karibu zaidi kuifanya kazi hii ipasavyo. Waanze na mteja wa kesho asubuhi: kabla ya kufungua programu yoyote, wamuulize amefanya kazi gani, kwa nani, na nani anaweza kuthibitisha. Na mteja naye, kabla ya kulipa, adai neno lake la siri.